Piki ya zamani haiwaki? Fuata moto kutoka kwa betri kabla hujanunua CDI

Peleka piki haiwaki kwa fundi wa kando ya barabara hapa Mombasa, iwe Kisauni, Likoni ama Changamwe, neno la kwanza utaskia ni "CDI hio imeungua bosi" (CDI ni kile kisanduku cha umeme kinachorusha cheche ya plagi), na hapo hata kofia ya plagi hajaivua. Unatoa pesa, CDI mpya inafungwa, piki inawaka manake katika ile fungua-funga soketi zilisuguana zikashika tena, alafu siku mbili tatu mbele uko palepale na pesa huna. Mafundi siwalaumu sana, mtu ana foleni ya boda zinangoja na kila mwenye boda anataka kurudi kazini, lakini piki ikishakuwa ya miaka mingi na imelelewa kwa hii hewa yetu ya bahari, ugonjwa mara nyingi hauko kwa spea, uko kwa waya na pale waya zinapoungana. Chumvi inaingia kila mahali. Kwa hivyo hapa ntaeleza vile wewe mwenyewe unaweza kufuata moto, yaani umeme, kutoka kwa betri mpaka uone unapopotelea, na CDI tutaifikia, lakini mwisho.

Umeme wa kuwasha piki una njia mbili na lazima uzitenganishe kichwani kabla ushike spana. Njia ya kwanza inatoka kwa betri, inapita fyuzi, swichi ya ufunguo, batani ya stata, rilei (swichi inayopitisha moto mkubwa wa stata), alafu stata inazungusha injini. Njia ya pili ni ya cheche, inatoka kwa maganeti, ile jenereta ndogo inayozungushwa na injini (piki zingine inatoka kwa betri), inapita CDI, koili inayopandisha volti, waya mnene wa plagi, kofia, plagi yenyewe. Moja inaweza kufa na nyingine iko sawa kabisa. So usijiulize mbona haiwaki, jiulize nikibonyeza batani kunatokea nini. Stata ikizunguka kwa nguvu zake za kawaida na injini haishiki, achana na betri nenda moja kwa moja kwa plagi. Stata isipozunguka, plagi usiiguse saa hio, shida iko huku kwengine. Na kama piki yako ina kik ndo rahisi zaidi, piga kik, ikiwaka kwa kik na kwa batani inakataa basi plagi, koili na CDI zote nzima, mtu asikudanganye.

Kabla ya yote tizama vile vitu vya aibu. Swichi nyekundu ya kuzimia mkono wa kulia, watoto hupenda kuichezea piki ikiwa imepaki. Gia iwe nyutro kweli, sio taa ya nyutro tu. Stendi ya pembeni, piki zingine ikiwa chini haziwaki. Klachi ishike mpaka mwisho, kuna kiswichi kidogo chini ya mkono wa klachi ambacho kikijaa vumbi kinaambia piki klachi haijashikwa hata kama umeishika mpaka kidole kinauma. Ukimaliza hapo ndo ufungue kiti.

Vifaa si vingi. Multimita ndogo hata ile ya bei rahisi ya njano inatosha, spana namba 10, bisibisi, msasa laini, brashi ya waya, kipande cha waya mrefu, na balbu moja ya indiketa iliyoungwa waya mbili. Hio balbu utaipenda.

Sasa betri. Weka mita kwa volti za DC, ile alama ya 20, na upime kama piki imelala masaa kadhaa bila kuwashwa. Betri ya volti 12 iliyojaa inasoma 12.6 mpaka 12.8. Ikisoma 12.4 imepungua lakini inaweza kufanya kazi, ikisoma 12 kamili ama chini hio imeisha moto hata kama taa zawaka. Watu wengi wanaishia hapo, wanaona 12.6 wanasema betri nzima. Ngoja kwanza. Acha mita imeshikilia palepale alafu mwenzako abonyeze stata, na wewe usitoe jicho kwa namba. Ikishuka mpaka 10.5 hivi na kukaa hapo, sawa. Ikianguka chini ya 9.5, betri ina volti lakini haina nguvu, ama stata inakula kupita kiasi. Betri iliyozeeka hufanya hivyo, inaonyesha namba nzuri mpaka siku ya kazi. Na angalia usije ukapima betri ya volti 6 ukaihukumu kwa namba za 12, piki kuukuu kabisa zina volti 6 na zikijaa zinasoma 6.3 hivi, hesabu vifuniko juu ya betri, vitatu ni volti 6, sita ni volti 12.

Kama mita huna, tumia taa ya breki. Shika breki uone vile taa ya nyuma inavyowaka, alafu ukiwa umeishika bonyeza stata. Taa ikififia sana ama ikazima, betri imeisha ama kuna kiungio kibovu kati ya betri na piki. Taa isipotikisika hata kidogo, basi moto haufiki kwa stata kabisa, umekatika njiani. Usitumie taa kubwa ya mbele kwa kipimo hiki, manake kwa piki nyingi za aina ya CG, ile injini ya Honda ya miaka ya 70 ambayo piki kibao za Kichina zimeigwa kwake, taa kubwa inalishwa na maganeti na haiwaki mpaka injini iwe inanguruma. Nshaona mtu akitupa betri nzima kwa sababu ya taa ya mbele.

Vichwa vya betri vivue, usivitizame kwa juu juu tu. Anza na hasi ndo ufungue chanya, na kurudisha anza na chanya umalizie na hasi, kwa sababu spana ikigusa chanya na fremu wakati hasi bado imefungwa utaona fataki. Ule unga mweupe ama wa kijani osha kwa maji ya moto na magadi ya kupikia, kausha, piga msasa mpaka risasi ing'ae, funga, alafu paka vaselini juu. Juu, sio katikati. Na ikiwa betri ni ile ya kuongeza maji, ongeza maji ya betri yale ya dukani mpaka kati ya ile mistari miwili, maji ya kisima ya huku kwetu mengi yana chumvi na yataua betri haraka kuliko ukame. Usivute sigara hapo, betri ikichajiwa inatoa gesi ya kulipuka, na asidi ikikurukia jichoni kimbilia maji mengi kabla ya kitu kengine chochote. Kuchaji iwe polepole, sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake, yaani betri ya 5Ah (ampia-saa 5) chaji kwa nusu ampia usiku mzima. Zile chaja kubwa za betri za lori zinaichemsha.

Betri ikipita mtihani, fuata waya wa chanya mpaka kwa fyuzi, haiko mbali, mara nyingi ni kijisanduku karibu na betri. Itoe uitizame, na usitizame tu, ipime, manake zile za kioo za zamani huvunjika ndani ya kofia yake ya chuma na kwa macho yaonekana nzima. Na vile vishikio vyake pia vishakula kutu. Rudisha fyuzi ya namba ileile iliyoandikwa. Mtu akikuambia funga karatasi ya sigara ama kiwaya, mkatalie, fyuzi ikiungua imeokoa wayaringi, ukiweka waya siku nyingine itakayoungua ni piki.

Fyuzi mpya ikiungua tena papo hapo una shoti, yaani waya wa moto umegusa chuma mahali, na hapa ndo balbu ya indiketa inafanya kazi. Toa fyuzi, unganisha zile waya mbili za balbu mahali pa fyuzi, washa ufunguo. Balbu ikiwaka kwa nguvu, shoti ipo. Sasa anza kutikisa waya pole pole, sehemu kwa sehemu: pale shingoni ambapo wayaringi inajipinda kila ukikata kona, chini ya tangi, chini ya kiti, na ule waya wa taa ya nyuma unaopita ndani ya madigadi. Ukifika mahali balbu ikafifia ghafla, usisogee, hapo ndo pamechubuka. Na anza na vitu vilivyoongezwa, wallahi anza navyo, redio, spika, chaja ya simu, zile taa za rangi rangi za chini, manake aliyefunga alichukua moto popote alipoukuta akazungusha tepu akaenda zake.

Baada ya fyuzi ni swichi ya ufunguo. Weka waya mweusi wa mita kwa hasi ya betri, na mwekundu kwa waya unaoingia kwa swichi, alafu kwa unaotoka ufunguo ukiwa umewashwa. Inaingia 12.5 na inatoka 12.4, nzuri. Inatoka 10 ama inaruka-ruka ukitikisa ufunguo, swichi imekufa ndani. Kwa Honda na nakala zake waya mwekundu ndo unaingia na mweusi ndo unatoka, kijani ni erthi, ile njia ya moto kurudi kwa hasi ya betri. Boxer, TVS na Yamaha zina rangi zao, usichukue hii ukaenda nayo kila mahali, tena piki ya mkono wa tatu rangi zote zishachanganywa.

Tuje kwa stata. Ukibonyeza uskie. Kimya kabisa, ama "tak" moja, ama "tatatata" kama mashine ya cherehani. Hio tatatata karibu kila mara ni betri dhaifu ama kiungio chafu, rilei inavuta, volti zinaanguka, inaachia, inavuta tena, rudi kwa betri. Tak moja ya nguvu alafu kimya, rilei imefanya kazi yake ya kuvuta lakini moto haupiti, ama unapita na stata haisikii. Kimya kabisa, batani ama swichi za usalama hazijaiambia rilei chochote.

Kwa ile ya kimya, tafuta waya mbili nyembamba zinazoingia kwa rilei. Moja inaleta chanya kutoka kwa batani, kwa Honda ni njano yenye mstari mwekundu. Shika balbu yako, waya mmoja kwa erthi mwengine hapo, bonyeza batani. Isipowaka, fungua nyumba ya batani pale kwa mkono, nusu ya piki za Pwani utakuta ndani kuna kile kibati cha shaba kimegeuka kijani, msasa kidogo na kinarudi kazi. Ikiwaka na rilei bado kimya, waya wa pili ndo haupati erthi yake, na hio erthi inapitia swichi ya klachi ama ya nyutro. Ichukue hio waya ya pili uiguse kwa fremu na kipande cha waya, piki ikiwa nyutro tafadhali, rilei ikivuta basi unajua ni swichi gani ya kusafisha.

Kwa ile ya tak moja, rilei ina boliti mbili nene. Weka mita moja huku moja huku. Kabla ubonyeze itasoma volti 12, ukibonyeza inatakiwa ianguke iwe karibu sifuri. Ikibaki 12 ama ikasimama kwa 2, 3, vile vibati vya ndani vimeungua, nunua rilei. Wako wanaounganisha hizo boliti mbili na bisibisi kuona kama stata itazunguka, na ni kipimo cha kweli, lakini itatoa cheche, kwa hivyo hakikisha hakuna petroli inayovuja, gia nyutro, bisibisi ya zamani yenye mpini wa plastiki, na pete ya ndoa uivue.

Sasa erthi, na hapa nataka tukae kidogo kwa sababu ndo mahali ambapo piki za hapa zinawashinda watu. Moto wote unaotoka kwa chanya lazima urudi kwa hasi, na unarudi kupitia waya mmoja mnene unaotoka kwa hasi ya betri ukafungwa kwa boliti moja, ama kwa injini ama kwa fremu. Hio boliti iko chini, inarushiwa maji ya barabarani, masika inalala kwa tope, na ukiitizama utaona boliti tu, imefungwa, haichezi. Weka mita kwa volti za DC, waya mweusi wa mita kwa kichwa chenyewe cha hasi, waya mwekundu ushindilie kwa chuma cha injini mahali pasipo na rangi wala mafuta. Itasoma sifuri, na itakudanganya. Bonyeza stata. Ikikaa 0.1 ama 0.2 erthi iko sawa. Ikipanda mpaka 0.8, 1, 1.5, hizo volti zote zinaliwa na hio boliti na kile kipete cha waya, stata haizipati. Fungua uone. Kipete kwa juu chang'aa, kigeuze, chini kuna tabaka la kahawia na kijani, ukilikwangua na kisu linatoka kama maganda. Alafu chuna mpira wa waya sentimita moja karibu na kipete, nyuzi za shaba zikiwa nyeusi badala ya rangi yake, chumvi imepanda ndani ya waya na hakuna msasa utakaoisaidia, kata mpaka ukute shaba safi ama badilisha waya mzima. Ule waya haugharimu hata robo ya betri. Mimi kwa piki yoyote iliyokaa Pwani miaka zaidi ya mitano huongeza erthi ya pili, kutoka hasi ya betri mpaka boliti ya injini, na nyingine nyembamba mpaka kwa fremu, na sijali kiwanda kilifanya vipi.

Fanya kipimo hichohicho upande wa chanya pia, kutoka kichwa cha chanya mpaka boliti ya stata yenyewe, ukibonyeza isizidi nusu volti. Kama betri nzima, rilei inapitisha, erthi safi, na stata bado inalala ama inazunguka kwa uvivu, ndo ufungue stata. Ndani kuna brashi za kaboni, zikiisha zinaacha kugusa, na ule unga wao mweusi unajaa kila mahali. Kuna fundi atapiga stata na mpini wa bisibisi na itazunguka, hio ni dalili ya brashi kuisha, sio matibabu. Stata ikivuma yenyewe kwa kasi na injini haizunguki, hio si umeme tena, ni klachi ya stata ndani.

Njia ya pili, ya cheche. Vua plagi, irudishe kwa kofia yake, ilaze chuma chake kwa kichwa cha injini mahali pasafi, mbali na lile tundu la plagi manake mvuke wa petroli unatoka hapo, alafu piga kik ama stata. Unataka cheche ya bluu, nene, inayosikika. Ya njano nyembamba inayopotea ni dhaifu. Usiizungushe injini na kofia ikiwa inaning'inia bila plagi iliyogusa erthi, ule umeme utatafuta pa kutokea na mara nyingi utatokea ndani ya koili ama CDI. Plagi ikitoka imelowa petroli, cheche haiko ama umelewesha injini, ikitoka kavu kabisa na cheche ipo, hapo shida ni kabureta na hayo ni maneno mengine.

Hakuna cheche? Weka plagi mpya kabla ya kufikiria kengine, na iwe original, nafasi yake kwa piki nyingi ndogo ni milimita 0.6 mpaka 0.7. Bado? Kofia ya plagi inazunguka kama skrubu, ifungue kutoka kwa waya, kata kiasi cha nusu sentimita ya huo waya upate shaba mpya, irudishe. Kofia nyingi zina rizista ndani ya kilo-omu 5, pima, ikisoma makumi ya kilo-omu ama mita haisomi chochote itupe. Kofia zikishapasuka unyevu unaingia, na ndo sababu kuna piki zinakataa asubuhi ya mvua tu na jua likitoka zinawaka. Ukitaka kuona kwa macho, nenda nayo gizani usiku, nyunyiza maji kidogo kwenye waya na kofia, piga kik, utaona vijimoto vya bluu vikitambaa vikirukia kwa injini badala ya kufika kwa plagi.

Kwa piki za CDI za maganeti kuna ujanja ambao ungeokoa CDI nyingi sana hapa mjini. Swichi ya kuzimia kwa hizi piki haikati moto, inaupeleka kwa erthi. Kwa Honda na nakala zake ni waya mweusi wenye mstari mweupe. Maji ya chumvi yakiingia kwa ile swichi ama kwa swichi ya ufunguo, huo waya unagusa erthi hata kama wewe umewasha, na piki inadhani umeizima. Chomoa huo waya kutoka kwa CDI, piga kik. Cheche ikirudi, CDI yako nzima, safisha swichi. Kumbuka tu kwamba ikiwa imechomolewa hutaweza kuzima injini na ufunguo, itabidi uizimishe kwa gia, na usiache hivyo ukaenda nayo barabarani.

Bado hakuna cheche, chomoa soketi ya CDI na pima koili za maganeti kwa alama ya omu. Waya mweusi wenye mstari mwekundu mpaka erthi ndo koili inayolisha CDI, kwa nyingi za CG inasoma omu mia kadhaa. Ile ya bluu yenye mstari ndo ya kuashiria, inaiambia CDI saa ya kurusha cheche, inasoma kama mia moja mpaka mia mbili na kitu. Namba kamili zinatofautiana piki kwa piki, dawa ni kupima ya rafiki yako yenye injini kama yako, lakini ukikuta sifuri ama mita haisomi kabisa, hapo hakuna mjadala. Pima ikiwa baridi na pima tena ikiwa moto. Piki inayowaka vizuri asubuhi, ikipata moto inazima, unakaa chini ya mwembe nusu saa inawaka tena, hizo ni koili, waya wake mwembamba unaachana ukitanuka na joto. Na kama piki yako ni ya zamani zaidi ya CDI, ina zile pointi za kufunguka na kufunga nyuma ya kifuniko, sugua uso wake na msasa laini kabisa, weka nafasi ya 0.3 mpaka 0.4, na ukiona zinatoa cheche kubwa zenyewe kila zikifunguka, kondensa (kile kikopo kidogo kinachozuia cheche kwa pointi) imekufa.

Sasa ndo CDI. Haipimiki kwa mita ya mkononi, usipoteze muda. Azima ya piki ya aina moja na yako inayowaka, ichomeke, jaribu. Cheche ikija nunua, isipokuja rudisha ya watu na usimame kwa koili ya plagi, ambayo nayo unaijaribu hivyohivyo.

Ukishajua tatizo, unganisha waya kama mtu mzima. Kusokota na kuzungushia tepu nyeusi kwa joto letu hili gundi inayeyuka inateleza, chumvi inapata mlango. Piga risasi (yaani lehemu), vika mpira wa kunywea kwa moto, soketi zipake grisi ya umeme ama hata vaselini. Na kule kwa kuoshea piki waambie ile mashine ya presha wasielekeze kwa swichi za mikononi wala kwa ufunguo, waoshe kwa kitambaa hapo.

Ikishawaka usifunge kiti bado. Injini ikiwa inanguruma kwa resi ya wastani, pima betri tena. Inatakiwa isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki 12.3 na kushuka, haichaji, kesho asubuhi utakuwa unasukuma, tizama zile waya zinazotoka kwa maganeti na soketi ya rektifaya, ile inayogeuza na kudhibiti umeme wa kuchaji betri. Ikipita 15, rektifaya imeacha kudhibiti na itachemsha betri na kuua balbu moja baada ya nyingine. Na ukibadilisha rektifaya badilisha na soketi yake, manake ile ya zamani mara nyingi ishayeyuka upande mmoja, na itaichoma hio mpya vilevile.